Upelelezi wa wachapishaji wa picha za unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto nchini Tanzania

Upelelezi wa wachapishaji wa picha za unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto ni kazi ya polisi, waendesha mashtaka na mahakama ya kuwatafuta na kuwashtaki watu wanaotengeneza, kuuza, kusambaza au kuweka mtandaoni picha na video zinazoonyesha watoto wakitendewa vitendo vya kingono. Kazi hiyo huvuka mipaka ya nchi mara kwa mara. Mtoto anaweza kuwa nchi moja, mtu aliyempiga picha akawa nchi nyingine au alipita tu kama mgeni, seva inayohifadhi picha ikawa nchi ya tatu, na wanunuzi wakawa wametawanyika katika mabara yote.

Nchini Tanzania msingi mkuu wa upelelezi huo ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ikisaidiwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, Kanuni ya Adhabu na sheria za kusaidiana na nchi za nje katika masuala ya jinai. Katika makala hii mji wa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu, unatumika kama mfano wa mahali pa kawaida ambapo taarifa iliyoanzia nje ya nchi inapaswa kufika ili mtoto apatikane. Hautumiki kwa sababu ya tukio fulani lililotokea huko.

Istilahi

Sheria nyingi za Afrika Mashariki hutumia maneno "ponografia ya watoto". Tangu mwaka 2016, yalipotolewa mapendekezo ya istilahi yanayojulikana kama Mwongozo wa Luxembourg, mashirika mengi ya kimataifa yamependelea kusema "nyenzo za unyanyasaji wa kingono dhidi ya watoto". Sababu ni kwamba neno ponografia huleta picha ya watu wazima waliokubaliana, wakati mtoto hawezi kukubali kitu kama hicho kisheria. Picha ya namna hiyo ni ushahidi wa kosa lililotendeka. Katika makala hii maneno ya sheria yanatumika tu pale sheria yenyewe inapoelezwa.

Nani ni mchapishaji

Msomaji akisikia neno mchapishaji hufikiria mwenye kiwanda cha vitabu au mwenye gazeti. Katika Sheria ya Makosa ya Mtandao maana yake ni pana zaidi. Kuchapisha ni pamoja na kusambaza, kutuma, kuonyesha, kubadilishana, kunakili, kuuza, kukodisha au kufanya kitu kipatikane kwa njia yoyote ile. Simu ya mkononi yenye uwezo wa kuhifadhi na kutuma data inahesabiwa kuwa mfumo wa kompyuta.

Kwa hiyo wachapishaji wako wa aina mbalimbali mbele ya sheria. Wapo wanaoendesha tovuti na kulipwa kwa kila video. Wapo wasiolipwa kitu, bali wanabadilishana picha katika vikundi vya siri, na picha mpya ndiyo kiingilio. Wapo wanaomtisha mtoto kwa picha aliyoituma mwenyewe, wakidai nyingine au fedha. Na wapo watu wa kawaida, pengine wenye nia njema kabisa, wanaopokea video katika kikundi cha WhatsApp na kuipeleka mbele wakiandika "mtoto huyu ni wa nani, tusaidiane kumtafuta".

Aina hii ya mwisho inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayowagusa watu wengi. Kila anayepeleka video hiyo mbele ameichapisha upya. Kwa mtoto, kila nakala ni sawa na kutendewa tena, na hakuna namna ya kuzikusanya nakala zote baadaye. Kwa mpelelezi, video iliyopita katika simu 300 huwa imepoteza alama nyingi za mahali ilipotoka: programu nyingi za ujumbe hupunguza ukubwa wa faili na kufuta taarifa za siku, saa na aina ya kamera. Nia njema inaweza kufikiriwa na mwendesha mashtaka au hakimu, lakini maneno ya kifungu hayaitaji.

Sheria za Tanzania

Kabla ya 2015

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 iliingiza katika Kanuni ya Adhabu vifungu vipya, kikiwemo kifungu cha 138B kinachohusu kuwatumia watoto kingono kwa faida. Kanuni hiyo ilikuwa tayari na kifungu cha 175 kuhusu machapisho machafu, kilichoandikwa kwa kufikiria vitabu, picha za karatasi na filamu za mikanda. Mwaka 2003 Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Haki za Mtoto kuhusu uuzaji wa watoto, ukahaba wa watoto na ponografia ya watoto, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 25 Mei 2000. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama kuwa na uwezo wa kuwashtaki raia wao hata kama kosa lilitendeka nje, na kusaidiana katika upelelezi.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ilifuata mwaka 2008. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikataza katika kifungu cha 83 kumtumia mtoto katika maonyesho au nyenzo za ponografia. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake ya mwaka 2011.

Sheria ya Makosa ya Mtandao

Muswada wake ulipitishwa na Bunge Aprili 2015, ukasainiwa na Rais Jakaya Kikwete mwezi huohuo, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, Tanzania Bara na Zanzibar pia. Kifungu cha 13 kinakataza kuchapisha ponografia ya watoto kupitia mfumo wa kompyuta au kuiwezesha ipatikane. Adhabu iliyowekwa mwaka 2015 ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 50, au mara tatu ya faida aliyoipata mkosaji ikiwa ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Mahakama inaweza pia kuamuru mtoto alipwe fidia.

Mtoto katika sheria hii ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Jambo hilo lina uzito wake katika nchi ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao swali la ndoa halimo: picha ya kingono ya msichana wa miaka 16 ni picha ya mtoto, awe ameolewa au la, na aliyeisambaza hawezi kujitetea kwa cheti cha ndoa.

Kama kilivyopitishwa mwaka 2015, kifungu cha 13 kililenga kuchapisha na kuwezesha kupatikana. Kumiliki tu, bila kumpa mwingine, hakukutajwa, na wataalamu wa haki za mtoto waliiona kuwa tundu. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria mbalimbali zinazohusu ulinzi wa mtoto, Sheria ya Mtoto na Sheria ya Makosa ya Mtandao zikiwa miongoni mwake.

Mkono wa mahakama nje ya mipaka

Kifungu cha 30 ndicho kinachoiwezesha mahakama ya Tanzania kumgusa mchapishaji aliye mbali. Mahakama ina mamlaka kosa likitendeka lote au sehemu yake tu ndani ya Jamhuri ya Muungano. Likitendwa na raia wa Tanzania. Au likitendwa na mtu wa taifa lolote, popote alipo, akitumia kompyuta au data iliyoko Tanzania au akiielekeza kwa mtu aliyeko Tanzania. Kwa maandishi, basi, mgeni aliyeketi Ulaya akimrubuni mtoto wa Itilima kwa simu anaweza kushtakiwa nchini. Mamlaka hayo, hata hivyo, hayamleti mshtakiwa kizimbani. Ili aletwe, lazima nchi aliko ikubali kumkabidhi, au imshtaki yenyewe.

Safari ya taarifa

Kesi nyingi za aina hii hazianzi na mtoto kulalamika. Zinaanza na kampuni ya mtandao kuona faili. Sheria ya Marekani inazitaka kampuni zake zinapogundua picha za namna hiyo kuripoti kwa Kituo cha Taifa cha Watoto Waliopotea na Wanaonyanyaswa, NCMEC, kilichoanzishwa mwaka 1984. Kwa kuwa Facebook, WhatsApp, Google na nyinginezo zinazotumiwa na Watanzania ni za Marekani, ripoti kuhusu mtumiaji wa Tanzania huanzia huko. Mwaka 2023 NCMEC ilipokea ripoti zaidi ya milioni 36 kutoka duniani kote, na sehemu kubwa yake ilihusu watu walioko nje ya Marekani.

Kampuni hizo huzitambua picha zinazojulikana kwa alama ya kidijitali, yaani mfuatano wa tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye picha na kuitambulisha kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu. Programu maarufu ya kazi hiyo, PhotoDNA, ilitengenezwa mwaka 2009 na Microsoft pamoja na mwanasayansi Hany Farid. Inaweza kuitambua picha hata kama imepunguzwa au kubadilishwa rangi kidogo. Picha mpya kabisa, ambayo haijawahi kuonekana na polisi, haina alama katika hifadhi, na ndiyo inayohitaji haraka kuliko zote kwa sababu mtoto anaweza kuwa bado yuko mikononi mwa anayemtendea.

Ripoti huwa na anwani ya IP, jina la akaunti, namba ya simu au barua pepe, saa faili ilipopakiwa na faili lenyewe. Nchi inayohusika huipata moja kwa moja au kupitia shirika la polisi wa kimataifa, INTERPOL, ambalo lina ofisi ya taifa katika kila nchi mwanachama na ofisi ya kanda mjini Nairobi. Kwa Tanzania mkono wa kitaalamu ni wapelelezi wa makosa ya mtandao wa Jeshi la Polisi. Hao huigeukia kampuni ya simu ili kujua anwani ile ya IP ilitumiwa na laini gani saa hiyo.

Hapo usajili wa laini una maana yake. Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za simu Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungiwa. Hata hivyo laini inaonyesha mwenye usajili tu. Katika nyumba ambamo simu moja hutumiwa na baba, mama, watoto na jirani anayekuja kuazima, jina lililosajiliwa ni mwanzo tu wa maswali.

Tuseme sasa kwamba laini hiyo imeonekana ikitumika Itilima. Jalada linapaswa kutoka Dar es Salaam hadi kwa mkuu wa upelelezi wa Mkoa wa Simiyu mjini Bariadi, na kutoka hapo hadi kituo cha wilaya. Simiyu ilianzishwa kuwa mkoa mwaka 2012 kwa kugawanywa Mkoa wa Shinyanga, na Itilima ilimegwa kutoka Bariadi katika mabadiliko hayohayo. Ni wilaya changa, ya wakulima wa pamba na wafugaji, na vijiji vyake viko mbalimbali. Anayepokea kazi huko ni askari wa Dawati la Jinsia na Watoto akishirikiana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hao ndio wanaojua shule, mwenyekiti wa kitongoji na njia ya kufika bila kuzua gumzo kijiji kizima.

Safari hii yote ina saa inayohesabu. Kampuni za Marekani zililazimika kuhifadhi data zinazohusiana na ripoti kwa siku 90 tu, hadi sheria mpya ya Mei 2024 ilipoongeza muda huo kuwa mwaka mmoja. Ombi rasmi la kusaidiana kati ya serikali na serikali, ambalo kwa Tanzania hupitia kwa Mwanasheria Mkuu kwa mujibu wa Sheria ya Kusaidiana katika Masuala ya Jinai ya 1991, linaweza kuchukua miezi mingi. Kabla ya 2024, basi, jalada lililolala mezani robo mwaka lingeweza kukuta ushahidi umekwisha kufutwa kihalali.

Kumtambua mtoto

INTERPOL inaendesha tangu mwaka 2009 hifadhidata ya kimataifa ya picha hizi, ambamo wapelelezi wa nchi mbalimbali hulinganisha kilichoonekana ndani ya picha. Hawatazami tendo peke yake. Wanatazama shuka, pazia, umbo la soketi ukutani, chupa ya soda, kalenda, sare ya shule, na wanasikiliza sauti zinazopita nyuma. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, lilianza mwaka 2017 kuchapisha vipande vya picha visivyo na mtoto, kwa mfano mfuko au kitambaa tu, na kuwauliza wananchi kama wanavitambua.

Kwa picha zilizopigwa Tanzania vitu vingi haviwezi kusaidia. Soketi za pini tatu ziko Kenya na Uganda pia. Shati jeupe na kaptura au sketi ya buluu ni sare ya shule za msingi karibu nchi nzima. Nembo kwenye sweta inaweza kusaidia, na lugha inaweza kusaidia zaidi. Mpelelezi aliyeko Lyon, yaliko makao makuu ya INTERPOL, atatambua kuwa watu wanazungumza Kiswahili. Hawezi kutofautisha Kisukuma na Kinyamwezi, wala Kisukuma cha upande wa Bariadi na cha upande wa Mwanza. Mtu aliyekulia Lagangabilili anaweza kufanya hivyo kwa sentensi mbili. Ndiyo sababu askari wa wilayani hapaswi kuonekana kama mtu wa kutumwa kukamata tu, kazi ya akili ikiwa imekwisha kufanyika kwingine.

Ushahidi mahakamani

Simu ya mtuhumiwa ndiyo kielelezo kikuu katika kesi nyingi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya kuingia, kupekua na kuchukua vifaa. Kampuni zinaweza kuamriwa kutoa data au kuihifadhi isipotee, na vifungu vingine vinahitaji amri ya mahakama, hasa polisi wanapotaka kutumia programu za kitaalamu za uchunguzi.

Kosa dogo siku ya kwanza huweza kuharibu kesi nzima. Simu ikiachwa wazi inaweza kufutwa kutoka mbali. Askari akipitia picha kwa kidole chake mwenyewe anabadilisha saa za mafaili, na wakili wa utetezi ataliuliza hilo. Utaratibu unataka simu itenganishwe na mtandao, ifungwe, iandikwe katika fomu ya makabidhiano kila inapobadilisha mikono, na inakiliwe na mtaalamu ili uchunguzi ufanyike kwenye nakala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini katika kifungu cha 18 inaitaka mahakama ipime jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyomtambulisha mwenye nayo.

Mtoto mwenyewe anaweza kutoa ushahidi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto wa umri mdogo anaweza kusema bila kiapo baada ya kuahidi kusema kweli na si uongo, na katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kutia hatiani kwa ushahidi wake peke yake ikiridhika kuwa anasema kweli. Rufaa kutoka mahakama za wilaya za Simiyu husikilizwa na Mahakama Kuu. Hukumu nyingi za makosa dhidi ya watoto zimetenguliwa katika ngazi ya rufaa kwa sababu ahadi hiyo haikuandikwa katika mwenendo wa kesi, jambo linaloweza kuandikwa kwa mstari mmoja.

Wachapishaji wakubwa

Nguvu ya kumfuata mchapishaji badala ya mnunuzi mmoja mmoja ilionekana katika kesi ya kampuni moja ya Toronto, Kanada. Kampuni hiyo ilikuwa na jina la biashara, katalogi na huduma kwa wateja. Iliuza filamu za wavulana zilizopigwa Ulaya Mashariki, hasa Ukraine na Romania, na kudai kuwa ni filamu halali za maisha ya asili. Polisi waliivamia mwaka 2011. Orodha ya wateja wake ikapelekwa kwa polisi wa nchi nyingi, na ilipotangazwa Novemba 2013 watu 348 walikuwa wamekamatwa na watoto 386 wameokolewa. Baadhi ya waliokamatwa walikuwa walimu, madaktari na watu wengine waliokaa karibu na watoto kila siku, na jambo hilo liliwatia wapelelezi wasiwasi.

Kesi ya pili ni ya tovuti ya Welcome to Video, iliyofichwa katika mtandao wa giza na kuendeshwa na kijana mmoja wa Korea Kusini kutoka nyumbani kwake. Watumiaji walilipa kwa Bitcoin wakiamini kuwa malipo hayo hayaonekani. Kumbe kila malipo ya sarafu hiyo huandikwa katika daftari la wazi, na wapelelezi wa kodi wa Marekani wakishirikiana na polisi wa Uingereza na Korea waliyafuata hadi kwa walipaji. Seva ilikamatwa Machi 2018; mwezi Oktoba 2019 ilitangazwa kuwa watumiaji 337 walikuwa wamekamatwa katika nchi 38 na watoto 23 wameokolewa. Mwendeshaji mwenyewe alihukumiwa Korea kifungo cha miezi 18, kidogo kuliko baadhi ya wateja wake wa Marekani. Marekani iliomba akabidhiwe, na Julai 2020 mahakama ya Seoul ikakataa.

Katika Afrika Mashariki malipo ya karibuni zaidi ni pesa kwa simu. Tofauti na Bitcoin, muamala wa M-Pesa au wa huduma nyingine ya aina hiyo una jina na namba ya laini iliyosajiliwa pande zote mbili, na kampuni ya simu ina kumbukumbu zake. Mchapishaji wa ng'ambo anayemlipa mtu wa kati nchini anaacha alama hapo, mara nyingi iliyo wazi kuliko alama za mtandaoni.

Kenya na Uganda

Kenya ina historia ndefu zaidi ya kesi za wageni. Utafiti wa UNICEF na serikali mwaka 2006 katika Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani ulikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walihusika katika biashara ya ngono, na mwaka huohuo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilitaja kwa jina utalii wa ngono na watoto katika kifungu cha 14 na ponografia ya watoto katika kifungu cha 16. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 iliongeza adhabu hadi faini ya shilingi milioni 20 za Kenya au kifungo cha miaka 25. Lakini vifungu 26 vya sheria hiyo, hicho cha watoto kikiwemo, vilisimamishwa na Mahakama Kuu Mei 2018 baada ya wanablogu kufungua shauri wakitetea uhuru wa kujieleza. Havikuanza kutumika hadi hukumu ya Februari 2020. Walalamikaji hawakuwa na ugomvi na ulinzi wa watoto. Kifungu hicho kilivutwa pamoja na vile vya habari za uongo.

Polisi wa Kenya wana kitengo maalumu cha kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu na kulinda watoto, kilichoanzishwa kwa msaada wa Uingereza. Nchi ya mtuhumiwa ikimshtaki kwao, kazi ya kitengo kama hicho ni kuwatunza mashahidi na kukusanya ushahidi. Simon Harris, Mwingereza aliyeendesha shirika la hisani huko Gilgil, alitiwa hatiani Birmingham mwezi Desemba 2014 kwa makosa aliyowatendea wavulana wa mitaani nchini Kenya, naye pia alikuwa na picha chafu za watoto. Alifungwa miaka 17 na miezi 4. Gregory Dow, Mmarekani aliyekuwa na makao ya yatima katika Kaunti ya Bomet, alikimbilia kwao mwaka 2017 na kuhukumiwa huko Februari 2021 kifungo cha miaka 15 na miezi 8.

Uganda ilitunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta mwaka 2011, ambayo kifungu chake kuhusu picha za watoto kina adhabu ya hadi miaka 15.

Mipaka na ukosoaji

Mwaka 2022 ulitolewa utafiti kuhusu Tanzania wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF. Ulikadiria kuwa asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walipata unyanyasaji wa wazi wa kingono uliohusiana na mtandao katika mwaka mmoja, sawa na watoto wapatao 200,000. Wachache sana walikwenda polisi. Mara nyingi aliyewatendea alikuwa mtu wanayemfahamu, na pengine ndiye huyohuyo ambaye picha zake zilifika ng'ambo.

Sheria ya 2015 yenyewe imelaumiwa tangu ilipokuwa muswada. Wanahabari na wanaharakati wanasema kifungu cha 31, kinachompa polisi madaraka ya kupekua bila kwenda kwa hakimu, kimetumika zaidi katika kesi za maneno ya kisiasa. Lawama hiyo ina madhara ya moja kwa moja kwa upelelezi unaoelezwa hapa: nchi nyingine zinapopokea ombi la data hutazama sheria ya mwombaji, na kampuni za nje husita kumpa taarifa ofisa ambaye hazijui ataitumia kwa kesi gani.

Watoa huduma wa Tanzania hawalazimiki kuchunguza kila kinachopita katika mitambo yao. Kifungu cha 39 kinasema hivyo. Wajibu wao huanza wanapopata taarifa, na kifungu cha 45 kinaweka utaratibu wa kutaka maudhui yaondolewe. Usimbaji wa ujumbe kutoka simu hadi simu, ambao WhatsApp imekuwa nao tangu 2016 na Facebook Messenger ilianza kuupanua kwa wote Desemba 2023, unamaanisha kuwa kampuni yenyewe haioni picha inayopita. Wanaoutetea wanasema unawalinda wanahabari, wagonjwa na watoto wenyewe. Polisi wa nchi nyingi wanasema utapunguza ripoti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandao, uliopitishwa na Baraza Kuu tarehe 24 Desemba 2024, unazitaka nchi kuharamisha nyenzo hizi na kuharakisha kubadilishana ushahidi, bila kumaliza ubishi huo.

Kutoa taarifa

Namba 116 ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, na inapokelewa Tanzania, Kenya na Uganda. Taarifa inaweza pia kutolewa katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo chochote cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Anayepokea video ya namna hiyo hatakiwi kuipeleka kwa mtu mwingine, hata kwa afisa, kwa njia ya ujumbe. Anachoweza kufanya ni kuandika namba iliyoituma, jina la kikundi, siku na saa, kisha kwenda na simu yenyewe kituoni ikiwa kama ilivyo. Video inayofikishwa hivyo na mtu wa kwanza kuipokea, kabla haijasambaa kijijini, huwa bado na alama ambazo zile zilizopita kwa mamia ya watu hazina.